Kuku wa Mama Wandera

Kavata ndiye aliyeniambia kwamba mama wa ghorofa ya juu anaroga watoto wa shule kwa kuku. Nilikuwa nimeshuka kununua sukuma, mtoto mchanga nimemkumbatia ndani ya shali. Kavata huuza mboga mlangoni mwa ploti yetu hapa Huruma, na habari za ghorofa zote hupitia kwake kabla hazijafika zinakoenda.

"Unamjua Mama Wandera?" akauliza, kisu kikiendelea kukata.

"Yule wa kuku?"

"Huyo huyo. Muulize msichana wako huwa wanafanyishwa nini kila Ijumaa. Wanaketi duara, kuku katikati. Halafu mmoja mmoja anainama, anamnong'oneza kuku kwa sikio. Sasa niambie, kuku ana sikio?"

"Analo. Liko tu chini ya manyoya."

Akanitazama. "Kumbe hata wewe unajua mengi." Akafunga sukuma yangu kwa gazeti. "Mimi sijasema kitu. Lakini mtu akimwekea kuku maneno ya watoto, huyo kuku si wa mayai."

Jioni nikamuuliza Kageha, binti yangu wa gredi ya tatu. Siku hizo, kila nikimfulia sketi, nilikuwa nikipata punje za mahindi mfukoni.

"Mnamwambia nini huyo kuku?"

"Siwezi kusema. Ni ya mtu na Madam."

"Madam ni nani?"

"Si ndiye huyo kuku? Anaitwa Madam." Kisha akaongeza, kama mtu anayenisaidia kuelewa, "Shingo yake haina manyoya. Siku ya kwanza tuliruhusiwa kumcheka, halafu tukaulizwa kama imetosha. Tukasema imetosha."

Kesho yake nilipanda na karai la nepi. Paa la ploti yetu ni la zege, na ukuta wake unafika kiunoni. Upande mmoja kuna matangi ya maji, upande mwingine kamba za nguo, na kati yake Mama Wandera alikuwa amejenga kibanda cha kuku kwa mbao za makreti na wavu. Watu walikuwa wamelalamika mara nyingi kwamba kuku wanachafua shuka. Mara ya mwisho msimamizi wa ploti alipanda kwenda kuwafukuza, akateremka polepole sana, mikono ikishikilia mifuko ya koti. Alikuwa amepewa mayai.

Mama Wandera alikuwa amechuchumaa, akiwamwagia pumba. Jina lake ni Everline Nabalayo, mtu wa upande wa Webuye, mrefu, na mkono wake wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika tangu alipokuwa kibarua kiwandani. Siku hizo alikuwa anafagia madarasa katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ploti.

"Umetumwa au umekuja kuanika?" akauliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuanika, mama."

"Na ukishaanika?"

"Nitauliza."

Akacheka kidogo. "Basi anika, halafu ukalie hiyo ndoo. Kavata anasemaje leo? Bado naroga kwa kuku ama nimehamia paka?"

Nikamwambia alivyosema. Hakukasirika. Aliingiza mkono kibandani, akatoa kuku wa madoadoa meusi na meupe, akamweka kwenye paja. Shingoni kweli hakuwa na manyoya. Ngozi ilikuwa nyekundu, na makovu yake yalikuwa yamepakwa ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto mdomoni. Kuku akafumba macho nusu, akatulia, kama mtu aliyefika kwake.

Alinieleza kwamba hakuanza yeye. Kulikuwa na watu wa mradi waliokuwa wakija shuleni na mbwa, mbwa mkubwa mwenye adabu, aliyefundishwa kulala chini watoto wamguse. Watoto waliambiwa: usimwendee kwa kishindo, mwangalie masikio, uone kama anaogopa. Ukijua kumwona mbwa anapoogopa, utamwona na mwenzako darasani. Mama Wandera alikuwa akifagia pole pole nje ya dirisha ili asikie yote. Lakini watoto wengi wa hapa mbwa wanamjua kwa meno tu, na watoto Waislamu walisimama ukutani mikono nyuma. Mwishowe Ruqiyo, mama yake Idil wa darasa la Kageha, akaja akaongea na wale watu kwa upole. Akawaambia kwamba mate ya mbwa kwao huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. "Udongo ninao," akasema. "Maji nanunua kwa mtungi. Mtanisaidia kununua?" Wale wa mradi wakacheka naye, wakahamisha mbwa wao kwingine.

"Nikamwambia mwalimu wao, Madam Ndindi, kwamba mimi nina kuku," akasema Mama Wandera. "Kuku hana shida na dini ya mtu. Akasema, mlete tuone. Watoto ndio walimpa jina la mwalimu, wakasema na yeye anafundisha."

"Huwa anafundisha nini?"

Akaifunua shingo ya kuku vizuri. "Unaona hapa? Yule mweusi pale ndiye aliyeanza. Alimdonoa mara moja tu. Damu ikatoka kidogo, kama ya sindano. Wenzake wakaiona, na kuku akiona damu hawezi kujizuia, anaenda palepale. Hata wale walikuwa marafiki zake wakaja. Nikiwaambia watoto hayo wananyamaza kabisa. Halafu nawaambia, kuku hawezi kujizuia. Nyinyi mnaweza."

"Ukamtoa, akapona."

"Mara ya kwanza nilimtoa huyu, ndiyo. Nikamweka peke yake, nikampaka dawa. Alipopona nikamrudisha. Wakamwona mgeni, wakaanza upya, mbaya kuliko mwanzo." Akaelekeza kidole kimoja cha vile visivyokunjika upande wa tangi, kulikokuwa na tenga limeinamishwa. "Sasa natoa anayedonoa. Namweka pale, anawaona na wanamwona. Simpigi. Chakula anapewa kama wenzake, maji anapewa. Anakaa siku chache. Akirudi anakuta wenzake wameshajipanga, anaingia taratibu, kama mgeni aliyechelewa."

Nilidhani amemaliza. Akamrudisha kuku kibandani, akajipangusa mikono.

"Wandera wangu nilimfanyia kama nilivyomfanyia huyu mara ya kwanza," akasema. "Alikuwa na kigugumizi. Wakamwigiza darasa zima, mpaka mwalimu akiita jina lake watoto wanajibu kwa kigugumizi. Nikamhamisha shule. Kule akawa mgeni mwenye kigugumizi. Darasa la sita akaanza kutoka hapa na sare na kwenda kukaa sokoni, na mimi sijui. Nilijua wakati mwalimu aliponiuliza kama mtoto alishapona."

Wandera nilikuwa namjua. Anabeba magunia ya nguo Gikomba, na Jumapili humletea mama yake nyama. Ni mtu mzima mwenye mabega. Ukimsalimia anainua mkono tu.

"Sitaki mwingine aache shule kwa sababu hiyo," akasema Mama Wandera. "Hapa nikiwa na macho, sitaki. Ndiyo maana nambeba huyo kuku kila Ijumaa. Mwambie Kavata ni hayo tu." Kisha akamfunua mtoto wangu shali, akamtazama, akaniuliza, "Mamako hajakuletea kuku wa uzazi?"

"Amesema anatuma na basi."

"Akija, kula na supu yake yote. Usigawie mtu."

Nilimwambia Kavata. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na unaamini?" Maneno yakaendelea kushuka ngazi za ploti yetu na kupanda za ploti zingine. Wazazi wawili watatu wakaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Bwana Luseno, ni mtu mpole anayeogopa wazazi kuliko wakaguzi. Akamwambia Mama Wandera kwamba Madam apumzike nyumbani kwanza, mpaka mkutano wa wazazi uketi na kuamua kama atarudi au hatarudi.

Wakati huo huo wa kupumzika, shule ilipata mpishi mpya, kwa sababu yule wa zamani alikuwa ameenda kujifungua. Mpya aliitwa Andati, mtu wa Kakamega, aliyekuwa akipika kwenye hoteli ndogo kule Ziwani. Alikuja na binti yake, Tiffany, akamwandikisha gredi ya tatu, darasa la Kageha. Baba na binti walikuwa hawajawahi kumwona Madam wala kusikia habari zake.

Mkutano uliwekwa Alhamisi asubuhi, watoto wakiwa darasani. Kulikuwa na mgeni kutoka ofisi ya elimu. Bwana Luseno alikuwa amemwambia Mama Wandera aje na kuku, wazazi wamwone kwa macho yao. Nilitembea naye siku hiyo. Alivaa kitambaa kipya kichwani. Madam alikuwa ndani ya kikapu, miguu imefungwa kwa kipande cha leso ili asiruke tukivuka barabara. Njiani aliniuliza tu kama nadhani watamkubali, nikasema sijui, akasema hata yeye hajui.

Tulipofika, ukumbini viti vilikuwa vinaburutwa. Madam alikuwa anaogopa kelele ya viti. Kwa hiyo Mama Wandera akapita upande wa jikoni, kulikokuwa na utulivu na kivuli, akapitisha kikapu kwenye mlango.

"Mulembe, ndugu," akamsalimia Andati kwa lugha ya kwetu. "Niwekee huyu hapa. Wageni ndio wanaketi."

Andati alikuwa anasugua sufuria. Akapokea kikapu kwa mikono miwili. "Mulembe, mama. Mgeni mkubwa amefika?"

"Amefika. Wa ofisi ya elimu."

"Basi nimekuelewa," akasema Andati.

Nilikuwa nimesimama hapo. Nilisikia kila neno, na sikuona kitu cha ajabu. Sisi watu wa magharibi, wa kuanzia Webuye hadi Kakamega, tuna mambo ambayo hatuulizi. Mama akipitisha kuku kwenye mlango wa jikoni siku ya wageni, miguu imefungwa, hakuna anayemuuliza ni wa nini. Kumuuliza ni kumtukana.

Mkutano ulianza kwa maombi, ukaendelea na habari ya choo kilichoziba, halafu ukafika kwa kuku. Kavata alisimama kwanza. Mpwa wake anasoma pale.

"Mimi sina neno na mtu," akasema. "Nauliza tu. Mtoto akiwa na shida, aseme kwa mwalimu, aseme kwa mzazi. Kwa nini aseme kwa kuku?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Ruqiyo akasimama mahali pake, akiwa amekunja mikono ndani ya jilbabu.

"Mimi ndiye nilikataa mbwa, mnanijua. Kuku sikukataa. Nitawaambia kwa nini. Idil alikuwa anavutwa hijabu kila siku, na mimi hakuniambia. Alijua nikisikia nitakuja hapa, na mnajua nikija inakuwaje." Watu wakacheka. "Alimwambia kuku. Alipozoea kusema kwa kuku, akaweza kusema kwa mwalimu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka."

Madam Ndindi akasema ni kweli, na kwamba siku za Madam darasa lake lilikuwa tofauti. Mtoto mmoja akipaza sauti kumchokoza mwingine, kuku alikuwa anajificha ndani ya leso ya Mama Wandera, na darasa zima linakaa kimya kumngoja atoke. "Hakuna mwalimu anayeweza kuwanyamazisha hivyo," akasema. "Mimi siwezi."

Yule mgeni wa ofisi ya elimu, mwanamke kijana mwenye miwani, akauliza, "Na huyo kuku yuko wapi tumwone?"

"Mlete, Mama Wandera," akasema Bwana Luseno.

Akatoka. Alikaa muda mfupi kuliko tulivyotarajia. Harufu ya kitunguu ilikuwa imeingia ukumbini muda mrefu uliopita, na watu walikuwa wameifurahia. Aliporudi alikuwa na kikapu mkononi, na nilivyoona kilivyoyumba nikajua ni kitupu. Nyuma yake alikuja Andati na aproni, kijiko cha mbao bado mkononi.

"Ameshachinjwa," akasema Mama Wandera.

Wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Mtu gani anachinja kuku bila kuuliza?"

"Huyu ameandikwa kazi na nani?"

"Wamuulize vizuri, pengine ametumwa."

Andati alijaribu kusema. "Nilipewa. Siku ya wageni. Kwetu mtu akileta kuku hivyo..." Sauti zikamfunika. Alirudi nyuma hatua, mgongo ukagusa mlango. Bwana Luseno alikuwa anaangalia viatu vyake. Yeye pia ni wa kwetu, nadhani alijua kwamba naye angechinja.

Mama Wandera akaweka kikapu chini, akangoja mpaka wakamwona anangoja.

"Nilimpa mimi," akasema. "Kwa mlango wa jikoni, miguu imefungwa, mgeni ameketi. Hata mimi ningepewa hivyo, ningechinja. Ndugu Andati hana kosa. Pakua, ndugu. Anza na mimi."

Andati akapakua. Alimpa paja. Mama Wandera akala mbele ya watu wote, taratibu, mpaka akafika kwa mfupa. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwambia Andati kitu. Kavata alipokea wa pili. Mimi nilipewa bawa kwa sababu nanyonyesha. Nilikula. Alikuwa mgumu, kuku wa miaka. Ruqiyo akasema, "Mimi chai tu, dada. Sijui kachinjwa vipi. Na hata angechinjwa kwa mkono wetu, huyu nisingeweza." Firigisi ilipelekwa kwa mgeni kwenye kisahani, kwa heshima yake. Hakujua ni heshima, akaisukuma pembeni, na Bwana Luseno aliitazama ile firigisi mpaka mkutano ukaisha.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Wazazi wakakubali kwamba kuku aendelee kuja shuleni. Wengine waliinua mkono uliokuwa na mfupa.

Ijumaa Mama Wandera alienda darasani mikono mitupu. Bwana Luseno alikuwa ameshauri waambiwe Madam amehama, lakini yeye akakataa. Aliwaambia ukweli: kwamba alimkabidhi mtu Madam kupitia mlango usiofaa, na yule mtu akafanya kinachofanywa. Watoto wakalia. Mmoja akauliza aliyemla ni nani. Akajibu, "Watu wazima. Na mimi nikiwemo."

Kageha alirudi nyumbani macho yamevimba.

"Na wewe ulikula, mama?"

"Bawa," nikasema.

Alikaa kitandani na viatu. Mfukoni bado alikuwa na mahindi. Jioni aliyamwaga dirishani.

Kwa watu wazima mambo yaliishia hapo. Watoto waliendelea. Mimi nilikula, mwalimu mkuu alikula, Kavata alikula na kuomba supu. Lakini aliyeitwa mla-Madam ni Tiffany, ambaye saa ile alikuwa darasani akiandika. Habari hizi sikuzijua zote kwa mara moja. Nilizipata vipande vipande, na vingine vilipita mbele yangu nisivitambue.

Kageha alisema siku moja akivua sare, "Babake Tiffany ana kisu kirefu?"

"Wapishi wote wana visu."

"Tiffany ananuka supu."

Nilimwambia asiseme hivyo, nikaendelea kumwosha mtoto.

Siku nyingine nilikuwa dirishani nikikamua nepi. Chini, kwenye nafasi iliyo kati ya ploti yetu na ya jirani, wasichana wa gredi ya tatu walikuwa wamepata mchezo mpya. Mmoja anatembea katikati, wengine wanakunja viwiko kama mabawa, wanasema ko-ko-ko, na wanamdonoa kwa kidole mgongoni mpaka akimbie. Walikuwa wanacheza kwa zamu na kucheka sana. Kageha alikuwa ndiye anayesema nani aingie katikati. Nilifurahi kumwona anacheka, maana alikuwa amepoa tangu habari ya kuku. Tiffany hakuwepo hapo. Wanaishi mtaa wa pili. Nilidhani mchezo ni mchezo.

Kuku wa uzazi alifika na basi kutoka Mbale, wa rangi ya kahawia, mnene, ndani ya boksi lenye matundu. Tulimfunga mguu kwenye meza. Mama alikuwa amesema kwenye simu, "Huyo asipewe jina." Kageha hakumpa. Hakumkaribia hata kidogo.

Kavata ndiye aliyeniletea habari ya Tiffany, na safari hii hakuisema kwa utamu.

"Yule mtoto wa mpishi hataki kuingia darasani," akasema. "Anakuja na babake asubuhi, anaingia naye jikoni, anakaa juu ya gunia la maharagwe mpaka jioni. Mwalimu akimfuata anashikilia mguu wa babake. Andati anasema atamrudisha Ziwani kwa nyanya yake, atafute shule huko."

"Kwa sababu gani?"

"Uliza watoto," akasema Kavata. Alinitazama kidogo kuliko kawaida, akarudi kukata sukuma. "Mpwa wangu nimeshamchapa. Nikamuuliza nani alianza, hakusema."

Jumamosi Mama Wandera aliteremka kwangu. Alikuwa hajawahi kuja kwangu. Baba Kageha alikuwa kazini. Nilimpa kiti, nikachemsha chai. Alikunywa, akamshika mtoto, akamsifu mashavu. Kuku wa kahawia alikuwa chini ya meza, akikwaruza sementi.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye. Aliletwa juzi."

"Mbona hujachinja?"

Nikaona kwamba amekuja kwa ajili ya huyo kuku, na kwamba ni vigumu kwake kusema, kwa sababu kuku wa uzazi haombwi. Nikamsaidia.

"Mchukue, mama," nikasema. "Mimi nina nguvu. Maziwa yapo. Mchukue, uwapelekee watoto."

Nilidhani macho yake yatalowa, hayakulowa. "Huyo kula," akasema. "Kuku ninao juu, nitapata mwingine wa kwenda naye. Yule mweusi anajifunza. Mimi sikuja kwa kuku."

Nje, chini ya dirisha, watoto walikuwa wameanza tena. Ko-ko-ko. Sauti moja ilikuwa juu ya nyingine zote, na ilikuwa ikitoa amri. Mama Wandera aligeuza kichwa kidogo upande wa dirisha, akasikiliza, akarudisha macho kwangu. Nami nikasikiliza.

"Binti yako alimpenda Madam kuliko wote," akasema. "Yeye ndiye alikuwa anamshika, wengine wakingoja. Simlaumu. Nimekaa nimefikiri, na nimeenda kwa Andati nimemwomba asimhamishe mtoto wake. Nimemwambia mtoto wake haondoki, akiondoka atakuwa mgeni kila aendapo. Amenipa wiki moja aone nitakavyofanya."

Mtoto alianza kulia. Akanirudishia, akangoja nimweke titi.

"Sasa nimekuja kukuomba, Mama Kageha. Niazime Kageha. Akitoka shule apande moja kwa moja juu kwangu, asipitie hapo chini. Nitakaa naye pale kwa tangi, tulishe kuku pamoja, anione na nimwone. Atakula ninachokula. Simpigi na sitamsema. Ni siku chache tu, mpaka yule mwingine arudi darasani azoee kukaa. Nipe yeye."